Kisichoshikwa na Kitana

"Inua kichwa, wifi. Ukilegea hivyo mistari itakwenda upogo mpaka mbele ya Mungu."

"Mungu haangalii mistari," alijibu wifi yake, lakini kichwa alikiinua.

Mlango wa saluni ulikuwa umefungwa nusu, wateja wajue kwamba leo hakuna kazi ya watu. Msusi alisimama nyuma ya kiti, kitana mdomoni, vidole vikienda vyenyewe: gawa, shika, pitisha, kaza. Kesho yake walikuwa wanasafiri kwenda umra, yeye, mumewe, na huyu dada wa mumewe ambaye mtaa mzima ulimwita Kengele, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akinong'ona. Kengele alitaka mistari ya kubana. Sheikh wa msafara alikuwa amewaonya kwamba mtu akishatia nia hachani nywele ovyo, zisije zikang'oka.

"Hebu nisikilize kama nimeshika," alisema Kengele, akihesabu kwa vidole. "Naoga. Navaa. Natia nia, naanza Labbayka. Tukifika ni tawafu, Kaaba iwe kushotoni, mizunguko saba. Rakaa mbili. Nanywa zamzam. Halafu sai, Safa kwenda Marwa, Marwa kurudi Safa, mpaka saba itimie. Mwisho kabisa nywele. Wanaume wananyoa, sisi tunapunguza ncha tu, kama ncha ya kidole. Hapo nimetoka kwenye ihramu. Kabla ya hapo, bado nimefungwa."

Vidole vya msusi vilisimama.

"Mbona kimya? Umeona chawa?"

"Chawa gani atakaa kichwani mwako na kelele zote hizi?"

Kengele akacheka, kioo kikatikisika. Msusi hakucheka. Alivuta ushungi wake mbele kidogo, kama alivyokuwa akiuvuta tangu mwaka jana, na chini ya ushungi ule kulikuwa na kitambaa cha pili.

Dawa za hospitali zilikuwa zimeufukuza ugonjwa, na zilipokuwa zinaufukuza zikafukuza na nywele. Zilikuwa nywele zipi! Ndizo zilizokuwa kibao cha saluni ile. Wateja walikuwa wakiingia wakimnyooshea kidole: nisuke niwe kama wewe. Asubuhi alipozikuta za kwanza zimedondoka kwenye mto wa kulalia, alikaa mbele ya kioo chake mwenyewe, akazisuka zote msuko mmoja mnene, akaukata shinani. Msuko akauweka kwenye mfuko wa kitambaa. Tangu siku hiyo hakuna aliyekiona kichwa chake. Kila alipokivua kitambaa, mumewe alikuwa akigeukia ukutani bila kuambiwa, na hakuuliza. Wateja walidhani amezidisha ucha Mungu, na Kengele akawa anamwita Bibi Shungi mbele za watu.

Si kwamba hapakuwa na kitu kabisa. Kila alipotia udhu, akipaka maji kichwani, kiganja chake kiliteleza juu ya kijivumbi fulani, laini, kifupi. Lakini yeye alikuwa na sheria yake, aliyowaambia akina mama wote waliomletea watoto wachanga wasukwe: kisichoshikwa na kitana si nywele. Mrudisheni akikua. Na kile chake hakikushikwa na kitana.

Kitanda cha hospitali ndicho kilichomleta kwenye safari hii. Aliweka nadhiri akiwa amelala pale, ulimi mkavu: nikitoka hapa kwa miguu yangu, nitakuja kwenye Nyumba yako. Sasa anakwenda, na tendo la mwisho, lile linalofungua kila kitu, linadai kitu asichonacho. Angemuuliza sheikh? Angeanzaje? Asimame katikati ya darasa aseme, sheikh, mimi kipara? Afadhali ameze kitana.

Akabuni lake. Ubunifu ambao msusi peke yake angeubuni.

Nywele za kuunga ni makosa, hilo alilijua vizuri. Hata saluni alikuwa haungi. Kwa hiyo hakuunga. Alichukua ule msuko wake wa zamani, nywele zake mwenyewe, zilizoota kichwani mwake mwenyewe, akaubana kwa vipini kwenye kitambaa cha ndani, uning'inie kisogoni. Siku ya siku atautoa nje ya ushungi, Kengele atakata ncha, na yote yatakwisha. Nywele si zangu? alijiuliza mbele ya kioo.

*

Ndegeni walitia nia. Abiria wote wa msafara walianza kwa pamoja, Labbayka Allahumma labbayka, na sauti ya Kengele, ambayo miaka yote ilikuwa ya kutangaza bei ya nyanya, ilivunjika katikati ya neno kama sauti ya mtoto. Msusi alimtazama. Hakuwahi kujua kwamba Kengele ina sehemu laini.

Waliingia msikitini asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linapanda kwenye marumaru. Sheikh aliwaambia wateremshe macho mpaka atakapowaambia. Msusi alitembea akitazama soksi za mwanamke aliyekuwa mbele yake. Ya mguu wa kushoto ilikuwa na tundu kisiginoni. Kisha sheikh akasema, "Tazameni."

Akatazama.

Dua zote alizozikariri, kwa wiki na wiki, akipika, akisuka, akifua, zilimtoka kama maji kwenye kikapu. Nyumba ilikuwa pale. Haikuwa picha. Ilikuwa nyeusi, imetulia, na kila kitu kingine duniani kilikuwa kinakwenda. Alifungua mdomo, na neno pekee alilolipata ni lile ambalo mtu humwambia jirani akipiga hodi.

"Nimekuja," alisema.

Waliteremka, wakaingia kwenye mto wa watu, Kaaba kushotoni mwao. Mwanzoni aliogopa kukanyagwa, kisha aliogopa ushungi usije ukavutwa msuko ukadondoka mbele za watu. Kisha woga wote ukaisha, kwa kuwa aliona kitu. Katika kila kichwa alichowahi kukishika, cha mzee na cha mtoto, cha nywele ngumu na cha nywele za singa, kulikuwa na mahali pamoja utosini ambapo nywele zote huanza safari yake, zikizunguka, zikizunguka. Mama mzazi hapaoni pale mpaka alaze mtoto kifuani. Msusi hupaona kila siku, na kwa miaka ishirini alikuwa akipapitisha kitana bila kuuliza nani aliyepachora. Sasa yeye mwenyewe alikuwa unywele mmoja. Mmoja tu, katikati ya hizi elfu na elfu, akizunguka kwa mkono ule ule uliopachora utosini.

Alilia bila sauti, na machozi yakaingia mdomoni, na hakuyafuta.

Ni hapo, kwenye mzunguko ambao hakujua tena ni wa ngapi, msuko ulipoanza kuwa mzito kisogoni. Mzito kweli, kama umeloa.

Kengele alimshika kiwiko. "Hesabu ninayo mimi," alisema sikioni mwake, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amenong'ona. "Wewe zunguka tu."

Waliswali rakaa zao mbili. Walikunywa zamzam mpaka matumbo yakalia. Kwenye sai, kati ya vilima viwili, alimwaza yule mama wa zamani aliyekimbia huku na huku akimtafutia mtoto wake maji, bila kujua yatatokea wapi. Hakuwa na mpango, mama yule. Hakuwa na kitu alichokificha kwenye ushungi. Alikuwa na miguu tu.

Walipomaliza Marwa, mumewe alikwenda kwa vinyozi. Alirudi wakamtazama wote wawili wasimtambue. Kichwa kimekuwa cheupe juu, cheusi chini, kinang'aa kama bakuli lililooshwa.

"Msinicheke," alisema, akikipapasa kwa aibu. "Nimebaki masikio matupu."

"Kaka yangu, kumbe una kichwa cha yai!" alipaza sauti Kengele.

Msusi aliangalia nyuma yake. Wanaume walikuwa wanamiminika kutoka kwa vinyozi, matajiri na makuli, vijana na vikongwe, wote vipara, wote wakicheka.

*

Chumbani, Kengele alifunga mlango na pazia, akatoa mkasi mkubwa wa saluni kwenye mkoba. Msusi alimpunguza yeye kwanza, ncha ya kila msuko, chap chap.

"Haya, zamu yako, Bibi Shungi. Toa mkia."

Msusi akaingiza mkono chini ya ushungi, akautoa msuko. Ulikuwa mweusi, mnene, una mafuta. Hakuwahi kusuka mwingine mzuri kama ule. Kengele akaukamata, akafungua mkasi.

"Ngoja," alisema msusi. "Vuta."

"Nivute?"

"Vuta, wifi."

Kengele akavuta, msuko wote ukabaki mkononi mwake. Alipiga ukelele akautupa kitandani kama ametupa nyoka.

"Zile zimekufa," alisema msusi. "Siwezi kumpa Mungu zilizokufa. Sasa siwezi." Akavua ushungi. Akavua na kitambaa cha ndani.

Kengele alikaa kitako kwenye kitanda. Nje watu walikuwa wakipita.

"Muda wote huu?" alisema hatimaye. "Na mimi nakuita Bibi Shungi?"

"Uliniita hata sasa hivi."

"Na kaka?"

"Hajakiona kichwa hiki."

"Basi leo mtaonyeshana." Alianza kucheka, na kicheko kikageuka, akajifuta kwa mkono wa gauni. "Ulikuwa unanisuka mimi, na wewe..."

"Kazi ni kazi. Lakini wifi, sina cha kukata. Kisichoshikwa na kitana..."

"Kasema nani hilo? Sheikh?"

"Nimesema mimi."

"Basi wewe msusi, si sheikh." Kengele akasimama, akaweka kiganja juu ya kile kichwa, akakipitisha polepole, mbele kwenda nyuma. "Na hii nini? Pamba? Vumbi la njiani? Hizi ni nywele, mtoto wa watu. Ndiyo kwanza zinakuja."

Ndiyo kwanza zinakuja. Msusi alifumba macho. Amezingoja tangu asubuhi ile ya mto wa kulalia, na hizi chache zilizothubutu kurudi ndizo anazotakiwa kuzitoa.

"Kata," alisema.

"Nisije nikakuumiza! Mimi hata uzi naukata upande."

"Laza mkasi. Usifungue sana. Shika kwa ncha za vidole."

Alikuwa amekaa kwenye kiti, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa anasimama nyuma ya kiti. Chuma kikamgusa utosini, baridi.

"Inua kichwa, wifi," alisema Kengele, kwa sauti ndogo kabisa.

Akainua. Mkasi ukalia mara moja, sauti hafifu, kama ya mdudu majanini. Kengele akaleta kiganja mbele, na juu ya kiganja kulikuwa na vinywele vifupi kuliko kope, vyembamba kiasi kwamba ilibidi wasogeze vichwa vyao viwili kuviona. Feni ilikuwa inazunguka darini. Wakabana pumzi wote wawili, visije vikapeperuka.