Kilima Hakikusahauliwa

Nawasimulieni nilichokiona nikiwa nimefumba macho, maana siku ile nikiwa nimeyafumbua sikuona kitu. Tangu asubuhi nilikuwa nikigombana na mdogo wangu Ambakisye. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama wapanda miti, na kesho yake tulipanga tukachimbe kilima cha ukoo wetu, kilima cha nyasi tupu anakochungia yeye ng'ombe wake, tupande miche ya miti ya msituni. "Dada," aliniambia, "pale juu hapajawahi kuwa na msitu. Au unadhani Mungu alipasahau?" Nikamwambia asimsingizie Mungu uvivu wake. Akaondoka bila kula. Nami nikajilaza kando ya miche yangu, kichwa kikinigonga kwa hasira, na usingizi ukanichukua.

Nikajikuta katika nchi ya milima nisiyoijua, na mbele yangu amesimama mama mrefu mwenye kibaba mkononi. "Naitwa Kiasi," akasema. "Nifuate, ila usiniharakishe." Tukamfuata Mvua, aliyetoka ziwani amejitwika mizigo na kupanda mlima akihema, kila alipochoka alitua sehemu ya mzigo, na pale alipotua pakasimama msitu mzito, ukungu ukitambaa katikati ya mashina na maji yakidondoka hata jua lilipowaka. Alipovuka kilele hakuwa amebakiwa na kitu ila jasho, na ng'ambo ile nyasi zilitanda hadi macho yalipokoma, zikiinama na kuinuka kwa pamoja. Jamani, nilistaajabu! Maisha yangu yote nilidhani nyasi ni ardhi iliyokosa bahati, kumbe zilikuwa nzuri kiasi cha kuniliza.

Hata upande ule alikopandia Mvua, migongo ya vilima ilivaa nyasi na makorongo yalivaa msitu, utadhani fundi cherehani ameshona utepe wa kijani kwenye kila mkunjo wa kitambaa. "Mbona mgongoni pameachwa hivi?" nikauliza. Kiasi akajibu taratibu: "Hapajaachwa. Hapa udongo ni haba na Upepo hana adabu. Kiangazi Moto hupita akitafuta chakula; nyasi humwachia majani, kwa kuwa uhai zimeuficha chini, mizizini. Korongoni udongo ni mwingi na unyevu haukauki, Moto akifika ukingoni hurudi. Kila mmoja nimempimia kinachomtosha."

Hajamaliza, akatokea Bwana Pupa akikimbia na jembe, aking'oa nyasi na kuchomeka miche huku akijisifu peke yake. Upepo akaikausha miche nyuma yake, naye hakugeuka. Kisha Mvua akashuka, na udongo uliovuliwa nyasi ukaporomoka wote korongoni, ukaifukia chemchemi kwa tope. "Mzuie!" nikapiga kelele. "Mzuie wewe," Kiasi akasema. "Jembe ni lako." Nikalitazama. Mpini wake ulikuwa umefungwa kitambaa chekundu, kile nilichokifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Niliona aibu hata nikakosa pa kutazama.

"Hodi, mwenyekiti! Bado umelala?" Kumekucha, na akina mama wamejaa uani na majembe yao. Niliamka, nikaelewa. Niliwapeleka korongoni, chini ya kilima chetu, kwenye ukingo wa msitu, mahali tulipokata kuni mpaka pakabaki visiki, tukaanza kupanda hapo. Walininung'unikia njia nzima, nikawaacha wanung'unike.

Jua lilipopanda, Ambakisye akateremka na fimbo yake. Alikuwa ameamkia kilimani kuzilinda nyasi zake, akatusubiri hadi akachoka. Akatutazama, kisha akainua macho kule juu, ambako ng'ombe walikuwa wakila kwa raha zao.

"Dada, vipi? Umeghairi?"

"Mungu hakupasahau," nikasema. Nikampa jembe langu, lile la kitambaa chekundu.