Mgonjwa wa Kupigiwa Mfano

Rosalind Hepworth, mwalimu wa darasa la kwanza pale Leeds, alikuwa mgonjwa wa kupigiwa mfano. Wenzake wenye ugonjwa huu wa kujinyima chakula wakienda kwa mtaalamu wa saikolojia hulia, hununa, husahau daftari la kuandikia walichokula. Yeye? Thubutu! Kila Jumanne alifika dakika kumi kabla, kazi ya nyumbani kaipigia mistari kwa rula. Aliambiwa auandikie ugonjwa wake barua kama rafiki, akaandika kurasa sita. Aliambiwa auandikie kama adui, akaandika tisa. Shida ilikuwa moja tu: chakula chenyewe hakikupita kooni.

Na daktari alishasema, mwezi ukiisha hivi hivi ni kulazwa wodini, na darasa lake atapewa mwingine. Rosalind aliwapenda watoto wale kufa.

Jumanne hiyo mtaalamu wake, Doreen, mama wa makamo mwenye mdomo usio na breki, alilifungua daftari la milo, akaligeuza huku na huku.

"Mwanangu, hili unakula nalo au unalitunzia makumbusho? Langu lingelowa chai mpaka jalada!"

"Nimeandika kila kitu."

"Umeandika. Umekula?"

Loo, aibu ilimpanda mpaka masikioni. Miaka kumi na miwili anaugua, na siku zote alidhani akipata maksi zote atapona.

"Lakini natia bidii," akasema.

"Bidii unayo mpaka unanichosha! Leo kazi yako ni kuboronga." Doreen akatoa pakiti ya biskuti mkobani, akaweka mbili mezani, moja yake na moja ya mgonjwa, na chai ya maziwa kando. "Tule ovyo ovyo. Na hakuna kuandika."

Rosalind akaikagua biskuti pande zote. Akaichovya, akachelewa kuitoa, nusu ikazama. Doreen akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hapo sasa! Ivue na kijiko!"

Akaivua, akala, huku ugonjwa, kama sauti kichwani, ukimporomoshea matusi ya nguoni. Machozi yakamtoka. Akala na nusu iliyobaki.

"Nimepata ngapi?" akauliza kwa mazoea.

"Hakuna maksi hapa, mama. Futa makombo kidevuni."

Rosalind akaweka mkono tumboni. Hofu ikaonekana waziwazi usoni mwake.

"Doreen," akanong'ona, "mbona nina njaa? Nilishaisahau ilivyo."

Doreen akalifunga lile daftari la milo. Akaisukuma pakiti yote mbele ya Rosalind.