Kidole cha Mitmita

...na sita, na saba, anang'oa jani, anatia mdomoni, na nane, Tirngo anahesabu midomo ikicheza bila sauti na penseli inakwenda yenyewe kwenye fomu, dakika ya kwanza haijaisha na Bayeh keshaanza kusoma, mtu huyu mdomo wake hauna kufuli, anajua fika kwamba dakika kumi za kumtazama mnyama mmoja zikishaanza zimeanza, hugeuki, husemi, hata nzi akikutambaa puani unamwacha atambae, lakini Bayeh yeye zamu yake imekwisha, kajifunika gabi lake zito mpaka masikioni, kakaa nyuma yake juu ya jiwe, mlima mzima huu ni jiwe hilo moja tu linaloshika mtandao, na kijarida cha chama kimeingia, kile cha wachunguzi wa tabia za wanyama, kinakuja mara moja kwa mwezi na nafasi za masomo, na kazi, na nani kafa na nani kaoa, naye anausomea mgongo wa Tirngo bila haya. Kazi ya kuhesabu samaki gizani, anasoma, miezi sita, mwombaji awe anajua kuogelea, basi hiyo si yako wala yangu... Mzee aliyesikiliza kunguru miaka arobaini amefariki, mwenye picha yake aitume... Wawili waliokutana wakifuata fisi wamefunga ndoa, unaona, wenzetu fisi wamewapa ndoa, sisi nyani wametupa mafua. Tirngo anataka kucheka na hacheki, maana yule jike pale chini, hatua kumi na tano kutoka miguuni pake, ameinua kichwa kidogo, manyoya ya mgongo yanapepea, halafu ameinama tena kwenye majani, na tisa, na kumi. Ti, inalia kengele ndogo mfukoni, dakika ya pili, anakula, jirani wa karibu hakuna, andika. Ubaridi umemshika vidole. Mfukoni ana shayiri ya kukaanga aliyofungiwa na mama, hawezi kuigusa, na moja, na mbili, na hapo nyuma Bayeh amenyamaza, na Bayeh akinyamaza ujue kuna jambo.

"Tirngo. Jina lako limo."

Usigeuke. Macho kwa jike, anang'oa, anatia mdomoni, na tatu, na Bayeh anasoma polepole sasa, bila utani, kwamba kati ya waombaji mia mbili na zaidi amechaguliwa mwanafunzi wa nyanda za juu aliyeshuhudia jike aliyepotea miezi mitano akirudi kwa dada zake, atasoma mwaka mzima ng'ambo, atasimama mbele ya mkutano mkuu asimulie mwenyewe habari ya Korarima, na jibu lake linatakiwa leo kabla ya jioni. Kuna na picha, anasema, umetoka vizuri, nyani ametoka vizuri zaidi. Halafu anasema mimi nimeomba mara tatu, sikupata hata asante, na wewe nyani wako karudi tu unapanda ndege, na katika sauti yake hamna kijicho hata chembe, anafurahi kweli, anafurahi kama aliyepata yeye, na hilo ndilo litakalomuumiza Tirngo baadaye kidogo, lakini bado hajui. Ti. Dakika ya tatu. Anakula. Ng'ambo, mwaka mzima, mama atapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakimbie... Korarima, mwanangu, umeniinua, anamwambia yule jike kimoyomoyo, ni wewe huyo.

Walikuwa majike saba, familia hii waliipa majina ya viungo vya jikoni, na Korarima alikuwa ndiye mkubwa, sikio la kulia limepasuka kama kitambaa kilichonaswa na msumari, ukimwona mara moja humsahau. Likaja dume jipya, likamfukuza dume la zamani, ukawa mwezi wa vurugu, na mvua ikinyesha asubuhi mpaka asubuhi, na siku moja walipohesabu wakakuta sita. Jike wa nyani hawa haendi popote, anazaliwa kati ya dada zake na anakufa kati ya dada zake, akikosekana ameliwa au ameanguka gengeni, kila mtu kambini alijua hivyo, Tirngo peke yake alikataa, kila asubuhi aliandika jina la Korarima kwenye daftari la mahudhurio na mbele yake akatia alama ya kuuliza, miezi mitano, Daktari Seble, msimamizi wa utafiti, alipokuja kukagua akamwambia mwanangu, tumia wino vizuri. Akaenda nyumbani wiki mbili kwa sikukuu ya Fasika, Pasaka yao. Aliporudi, ukungu umetanda, akatokea jike kwenye ukingo wa genge, sikio la kulia limepasuka, na Tirngo alikaa chini kwenye matope akalia. Amerudi. Alikimbia mpaka kambini anapiga kelele. Na wiki hiyohiyo waligundua kwamba Mitmita, dada yake mdogo, hayupo, basi wakasema chui, mmoja karudi mmoja kaenda, hesabu ikabaki sita, na Tirngo akamwandikia Mitmita tanzia ya mistari minne kwenye daftari la kambi, mistari mizuri, Daktari Seble aliisifu. Una hakika ni Korarima, aliulizwa. Sikio, Daktari, sikio lenyewe.

Ti, dakika ya tano, ya nne ameandika lini, ameiandika, ni hii hapa, anakula. Leo kazi ni kuhesabu majani, basi macho yako mkononi, miezi yote hii alikuwa akitazama nani kakaa karibu na nani, nani kamchambua nani manyoya, nyuso na masikio, leo mkono, mkono wa kulia unang'oa, wa kushoto unang'oa, upesiupesi, na nne, na tano, vidole vinne vinakunjika, na sita... vidole vinne. Kile cha mwisho cha kushoto hakikunjiki. Kimesimama pembeni kama cha mtu anayeshika kikombe cha moto. Matope, anasema Tirngo moyoni, ni jani limenasa, ngoja. Na saba. Kimesimama. Jike anajikuna tumbo kwa mkono huohuo na kidole kimesimama, anaurudisha kwenye majani na kidole kimesimama, na Tirngo anakijua kidole hicho, mwaka wake wa kwanza hapa alikipiga picha mwenyewe, dume lilimng'ata mtoto mkononi na wote walidhani mtoto atakufa, hakufa, alikua akawa mkali, ndiyo maana akaitwa Mitmita, pilipili, pilipili yenye kidole kisichokunjika... Na ngapi? Alikuwa amefika ngapi? Amepoteza hesabu, hajawahi kupoteza hesabu.

Basi hakuna aliyerudi. Mdogo alipasuliwa sikio kwenye ugomvi fulani wakati yeye yuko nyumbani anakula kuku wa Fasika, sikio lilelile, upande uleule, yametokea tu, na yeye akaliona sikio akaacha kutazama, maana ukishamjua mtu huhesabu tena vidole vyake. Ti. Dakika ya sita, anakula, nani anakula, juu ya fomu ameandika Korarima kwa herufi kubwa na kupigia mstari. Bayeh anasema utamwandikia Daktari kwanza ama mama? Bayeh hawezi kujua, yeye ni wa sauti za madume, majike kwake wote ni wamoja. Hakuna anayejua. Huko ng'ambo nani atauliza kidole, watauliza miezi na mvua, watapiga makofi, na ile picha ya mtoto aliyeng'atwa imo kwenye kompyuta ya kambi kati ya picha elfu tisa, aiache tu hukohuko, asiifute hata, aiache... Na kwa nini yeye, wapo wengine walioona sikio lile wakasema sawasawa, mbona lawama zote ni zake. Ni zake. Anajua kwa nini ni zake.

Ni soko la Debark, miaka miwili iliyopita, mwanamke amempa mgongo anachagua vitunguu, shingo ile, namna ile ya kuutupa mtandio wa netela begani, na Tirngo aliangusha kapu akakimbia akamshika bega, Asnakech, dada yangu, na mwanamke akageuka, uso wa mtu mwingine kabisa. Na kituo cha basi Gondar. Na kanisani siku ya Mariamu. Asnakech alikwenda Beirut kufanya kazi za ndani, mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili, wa pili mara chache, halafu simu ikasema namba hii haipo, miaka minne sasa, na kila mwaka karani wa kebele, ofisi ya mtaa, akija kuandika watu wa nyumba mama humwambia watoto wawili, mmoja yuko safarini. Dakika ya saba. Ya saba, andika. Mikono baridi. Na Tirngo ndiye aliyempigia mama siku ile ya ukungu, hakuweza kungoja, mama, nyani wetu mmoja alipotea miezi mitano na leo amerudi kwa dada yake, na mama akasema, kumbe inawezekana. Tangu siku hiyo kila kahawa inapopikwa, kikombe kikifika cha tatu, kile cha baraka, mama huwaambia majirani, hata nyani amerudi. Majirani wameshachoka. Kitanda cha Asnakech kimetolewa godoro, limeanikwa, limerudishwa. Nafasi hii anaweza kuikataa, Mungu anamwona, atalia wiki moja na ataikataa, lakini mama atamwambiaje, atafungua vipi mdomo... Nane. Mitmita amehama hatua mbili, amekaa, anang'oa. Yu hai, na hilo ni jambo, mama, yule tuliyemlilia yu hai. Mama hakumlilia Mitmita. Mama hamjui Mitmita.

Tisa, na Bayeh anaimba chini kwa chini wimbo wa harusi akibadilisha maneno, ndege inaruka, shemeji nyani anabaki, na Tirngo hana pa kwenda, kulia genge, kushoto nyani, nyuma furaha ya mwenzake, macho yamejaa maji na hawezi kuyapangusa maana mkono mmoja una darubini na mwingine penseli. Kengele ya mwisho inalia, ndefu. Zimekwisha. Bayeh anashuka jiweni na daftari la mahudhurio, ndivyo wafanyavyo kambini, mtazamaji anataja na mwenzake anaandika, penseli yake imeshatua kwenye mstari wa Korarima.

"Nani huyo?" anauliza kwa mazoea.

"Mitmita."

"Mitmita kafa, Tirngo. Tanzia uliandika wewe."

"Mtazame kidole."

Bayeh anachukua darubini, anatazama muda mrefu, na wimbo umemtoka mdomoni, anaishusha, anaitazama simu, anaitia ndani ya gabi kama mtu anayeficha kitu cha aibu cha mwenzake. Hamwulizi utafanyaje. Anauliza tu kwa sauti ndogo, basi Korarima, niandike nini, na kwenye daftari kuna mambo matatu tu ya kuandika, yupo, hayupo, na ile alama ya kuuliza ambayo Tirngo aliitia miezi mitano, safarini haimo. Lete, anasema, na anaandika mwenyewe, hayupo, akijua ameandika watu wawili kwenye mstari mmoja, na jioni bado mbali, na pale chini Mitmita hajainua hata kichwa, anang'oa jani, anatia mdomoni, na Tirngo anajikuta anahesabu tena ingawa hakuna aliyemwambia, moja, na mbili, mama saa hizi atakuwa anakaanga kahawa, na tatu...