Tamali Zilizogoma Kuiva

Haya alinisimulia Nereida mwenyewe, mke wa Evaristo, Kwaresima iliyopita, tumekaa uani kwangu tunatoa miiba kwenye majani ya mpungate. Alisimulia huku anacheka, lakini mara mbili tatu kisu kilisimama mkononi, nikajua siku yenyewe hakucheka.

Hapa Weslaco, kwa akina Evaristo, Mkesha wa Krismasi ni wa mama yao, Bi Eufrasia. Waliooa na walioolewa wote wanarudi na watoto wao, na kutwa nzima wanawake wako jikoni na tamali. Unatandaza unga wa mahindi kwenye ganda la hindi lililolowekwa, unaweka nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa pilipili nyekundu, unakunja, unapanga wima kwenye sufuria kubwa ya mvuke. Chini kabisa, ndani ya maji, inatiwa sarafu. Ukiisikia inagonga, maji yapo. Ikinyamaza, ongeza maji upesi.

Nereida si wa hapa. Kwao ni Cotulla, karibu saa nne kwa gari, na huko amebaki mama yake, Bi Tomasa, mjane. Kaka yake yuko Chicago na kazi haimpi nafasi. Tangu Nereida aolewe hakuwahi kula Mkesha na mama yake hata mara moja. Kila Desemba ikiingia alimwambia mumewe, "Mwaka huu twende kwa mama." Na kila Desemba Evaristo alikwenda kwa mama yake, akarudi anajikuna kichwa.

"Mama hataki. Nimemwomba, kakataa. Si unamjua?"

Nereida anameza, mwaka unapita. Lakini safari hii, alipompigia mama yake simu, Bi Tomasa alimjibu, "Usijisumbue, mwanangu. Mimi Mkesha nakula yai langu, nazima taa mapema, nisisikie kelele za majirani." Hilo la kuzima taa lilimkaa Nereida kooni kama mwiba wa samaki. Akaja nalo hivyo hivyo mpaka jikoni kwa mavyaa wake.

Walianza kungali na giza. Kulikuwa na upepo wa baridi wa kaskazini, ule unaowafanya watu wafunike michungwa kwa mashuka. Bi Eufrasia aliukanda unga na mafuta ya nguruwe mpaka mikono ikachoka, akadondosha kidonge cha unga huo kwenye glasi ya maji. Kikaelea.

"Unga hauna kosa," alisema. "Sasa jambo likiharibika tutatafuta mtu."

Mezani walikuwa watatu: Nereida na mawifi zake wawili, Rosaura aliye mkubwa na Odilia anayemfuata.

"Wifi," Rosaura akaanza, "hiyo ni tamali au godoro?"

"Mwache," alisema Odilia. "Kwao Cotulla tamali moja inalisha ukoo."

Siku nyingine wangejibiwa wakajuta, maana Nereida ana mdomo. Siku hiyo alipaka unga tu kwa mgongo wa kijiko, macho chini.

Sufuria ilipanda jikoni adhuhuri. Wakati ambao tamali za kawaida zimeshaiva na watu wameshaanza kudokoa, Bi Eufrasia akachomoa moja, akaibandua ganda. Unga ukabaki gandani. Upande mmoja umeiva, upande mmoja mbichi, madoamadoa kama ng'ombe. Akafunika, wakangoja. Akachomoa nyingine. Madoa yale yale. Na sarafu inagonga, maji yapo.

Basi akachana ukanda wa ganda la hindi, akaufunga kwenye masikio ya sufuria, huku na huku, kama anavyofanya kila mtu kwetu tamali zikigoma. Akakaa kitini, akafuta mikono.

"Nani ana hasira humu ndani?"

Hilo si swali la mzaha. Kila mtu anajua kuwa mwenye kinyongo akiingia jikoni, tamali haziivi, hata uchome kuni za msitu mzima. Dawa yake ni kukisema.

Odilia akanyoosha mkono. "Mimi nina hasira na Rosaura. Amechukua mashine yangu ya kusagia pilipili tangu Pasaka."

"Imeungua," alisema Rosaura.

"Imeungua! Si uliniambia iko kabatini?"

"Iko kabatini. Imeungua, na iko kabatini."

"Mnafiki wee!"

"Nami nina yangu," Rosaura akasema haraka kabla hajarushiwa kijiko. "Nina hasira na Mama. Kila mwaka lazima aseme tamali za Odilia zimefungwa vizuri kuliko zangu."

"Zimefungwa vizuri," alisema Bi Eufrasia.

Wakacheka, wakafunika, wakangoja tena. Nje gari la kwanza la wageni lilikuwa limeshaingia, watoto wanakimbizana. Bi Eufrasia akachomoa tamali ya tatu. Ng'ombe yule yule.

Akageuka taratibu, akamtazama mkazamwana wake.

"Nereida. Tangu asubuhi hujamtukana mtu. Unaumwa?"

"Siumwi, Mama."

"Basi ni wewe."

Nereida akaweka kijiko chini. "Ni mimi. Lakini nikisema nitaharibu sikukuu."

"Imeshaharibika, mwanangu. Watu wako mlangoni na sina cha kuwawekea. Sema."

Akasema. Aliniambia kwamba alikuwa amejiandaa miaka yote kusema kwa upole, na maneno yalipotoka hayakuwa na upole wowote.

"Nina hasira na wewe, Mama. Mama yangu leo anakula yai peke yake na kuzima taa, kwa sababu wewe kila mwaka unanikatalia nisiende kwake. Nami napika hapa, nacheka hapa, kama sina kwetu."

Rosaura akashika mdomo. Chini ya sufuria sarafu ikaendelea kugonga.

"Mimi?" alisema Bi Eufrasia. "Nimekukatalia lini?"

"Kila mwaka. Evaristo anakuja kukuomba."

"Evaristo anakuja kuniambia kwamba mama yako amekwenda Chicago kwa kaka yako, na wewe baridi ya huko huitaki. Ndiyo maana kila mwaka nampelekea mama yako salamu za safari!"

"Salamu gani?"

"Kumbe hata salamu hazifiki!"

Rosaura hakungoja kutumwa. Akafungua dirisha la uani, ambako wanaume walikuwa wamezunguka moto wa nyama.

"Evaristooo! Unaitwa! Hapana, bia iache huko huko!"

Akaingia ananuka moshi, ametabasamu. Akatazama nyuso nne, tabasamu likaondoka.

"Mama yake Nereida yuko wapi leo?" aliuliza Bi Eufrasia.

"Mama, mimi..."

"Yuko wapi?"

"Cotulla."

"Na mwaka jana?"

"Cotulla." Akajikuna kichwa. "Sikutaka mtu aumie. Nikikwambia tunakwenda, utalia. Nikimwambia Nereida hatuendi kwa sababu sitaki mimi, atanichukia mimi. Akinuna, ananuna siku mbili, inapita."

"Haikupita," alisema Nereida.

Bi Eufrasia akainuka. Mfupi yule, lakini Evaristo alirudi nyuma.

"Miaka yote hii," alisema, "mwanamke mwenzangu, mjane mwenzangu, ananihesabu mwizi wa mtoto wake. Nami nimekaa hapa najiona mama mwema. Mwanangu, umetufanya mbuzi wa kupiganishwa, halafu umekaa nje unachoma nyama."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi baadaye. Kwanza sufuria. Cheza."

"Mama, shemeji zangu wako pale nje!"

"Waite nao waje waone. Cheza!"

Kwetu aliyeharibu tamali huzichezea ngoma mpaka zikubali. Odilia akamfunga aproni ya maua, haikufika nyuma kwa sababu ya kitambi. Rosaura akachukua mfuniko na mwiko, akapiga. Watoto wakajazana mlangoni. Evaristo akaanza kama mtu anayekanyaga siafu, na bibi mmoja wa ukoo aliyekuwa ameingia na wageni akapaza sauti, "Kiuno, baba, kiuno! Sufuria haioni miguu!" Akacheza mpaka jasho. Hata shemeji zake waliolowa machozi kwa kucheka hawakumwacha apumzike.

Nereida hakucheka. Alikuwa ananawa mikono, muda mrefu kuliko unga uliokuwa mikononi ulivyohitaji.

Rosaura, katika vurugu hiyo, alikuwa amepandisha moto. Walipofunua tena, ganda lilibanduka safi, tamali ikasimama yenyewe kwenye sahani, inatoa moshi.

"Ni moto tu," alisema Rosaura. "Ulikuwa mdogo."

"Na kwa nini ulipandisha sasa, si adhuhuri?" alisema mama yake.

Evaristo akavua aproni. "Basi tule, kesho alfajiri tutaondoka kwenda Cotulla. Nimekubali."

"Kesho si Mkesha," alisema Nereida.

Alisema kwa sauti ndogo. Wote wakamtazama Bi Eufrasia. Na tatizo lilikuwepo, tena kubwa: mwaka huo zamu ya kumlaza Mtoto Yesu, ile sanamu ndogo, horini usiku wa Mkesha ilikuwa ya binti wa Nereida. Bibi yake alikuwa amemshonea gauni, na wazee wa ukoo walikuwa wamekuja kuliona. Bi Eufrasia alitazama mlangoni, pale mtoto aliposimama na gauni lake.

"Atamlaza kwa bibi yake wa pili," alisema mwishowe. "Huko nako Yesu anazaliwa. Odilia, leta taulo nene."

Akapanga tamali kwenye chungu, akafunika kwa taulo, anazikandamiza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nereida akamsogelea kumsaidia.

"Usidhani sina hasira," alisema Bi Eufrasia bila kumtazama. "Nyingi ni za mwanangu. Lakini na wewe nina yako ndogo. Mdomo unao, na namba yangu ya simu unayo. Ulishindwa nini kuniuliza mwenyewe?"

Nereida akafikiri. "Niliogopa utakataa kweli, Mama."

"Huenda ningekataa," alisema Bi Eufrasia. "Haya, nendeni kabla sijabadili mawazo."

Jua lilikuwa linazama walipotoka. Njiani Evaristo alijaribu kuzungumza mara mbili, Nereida akamwambia endesha gari. Watoto walilala nyuma na harufu ya tamali.

Cotulla waliikuta nyumba giza. Wakagonga. Bi Tomasa akafungua amejifunika shali, uso umejaa hofu, maana usiku watu hawaji bure.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama," alisema Nereida. "Tumekuja kula Mkesha."

Evaristo alikuwa amejipanga kuungama pale pale mlangoni, akaanza, "Mama, mimi nimekukosea..."

"Ungama ukiwa ndani," alisema Bi Tomasa. "Baridi inaingia."

Akaungama mezani, tamali ya kwanza haijaisha. Bi Tomasa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Eufrasia hana kosa."

"Hana."

"Mungu wangu! Nimemsema kwenye sala zangu miaka yote hii. Nipe hiyo simu."

Nereida alisikia upande mmoja tu wa maneno. "Bi Eufrasia? Ndiyo, wamefika. Ndiyo, yupo, kakaa hapa kama kuku aliyenyeshewa. Tamali ni nzuri. Chumvi imepungua kidogo. Hapana, nakuambia ukweli, imepungua." Kisha akacheka sana, kicheko ambacho Nereida alikuwa hajakisikia tangu baba yake azikwe.

Binti alimlaza Yesu wa bibi yake kwenye kikapu cha nyuzi za kushonea, kwa kuwa Bi Tomasa alikuwa hatoi hori tena tangu abaki peke yake. Wakaimba ubeti wanaoukumbuka. Watoto wakalazwa kwenye kochi, Evaristo chini kwenye zulia karibu na hita, akakoroma papo hapo. Nereida akapanda kitanda kimoja na mama yake.

Bi Tomasa hakutaka kulala. Alizungumza juu ya mbwa wa jirani, juu ya bomba lililopasuka Novemba, juu ya mpwa wake anayetaka kuoa mwanamke mwenye lori. Katikati ya lori akanyamaza. Nereida alimngoja aendelee, akasikia pumzi zake zimekuwa nzito. Akamvutia blanketi mabegani, akafumba macho, naye akalala.