Pale Ogaa Wanapotagia

Verna alikuwa anakwangua barafu kwenye viti vya boti Dwight, mwenye kambi ya uvuvi, alipomfuata gatini, kikombe cha kahawa mkononi.

"Siku ya pili wageni wanarudi mikono mitupu," alisema. "Wewe mzaliwa wa hapa. Usiniambie hujui hao samaki wa ogaa wamejificha wapi."

"Maji bado baridi, bosi. Wakishamaliza kutaga watashuka wenyewe ziwani."

"Wakati huo hawa watakuwa kwao, wananitukana mtandaoni. Wapeleke leo. Hutaki, kuna wanaoitaka hiyo boti. Na kile kibanda nina matumizi nacho."

Kibandani ndiko Verna alikokuwa akilala na binti yake tangu nyumba yao ya kijijini ilipoota ukungu ukutani, mtoto akawa anakohoa mpaka anatapika. Kwenye ofisi ya kijiji waliambiwa wasubiri nyumba nyingine, na mpaka leo walikuwa wanasubiri. Kazi nyingine iko mjini, na mjini hana pa kufikia.

Akawasha injini. Kwanza alimzungusha mgeni wake wa siku hiyo, Curtis, kwenye visiwa ambako alijua fika hakuna kitu. Curtis hakununa. Alimmiminia Verna chai kutoka chupa yake, akamuuliza habari za mtoto. Angekuwa mshenzi ingekuwa nafuu.

"Dwight kasema kuna mahali unapajua," hatimaye alisema, kwa aibu kidogo.

Verna akageuza boti kuelekea mlango wa mto.

Ogaa walikuwa wamejazana juu ya changarawe, matumbo yamevimba mayai, macho yaking'aa kama vioo. Juu ya mwamba, kando ya moto mdogo, alisimama Mama Mkubwa Agatha na wavu wake wa mpini mrefu, akiwavulia wazee wa kijiji kama kila mwaka barafu ikiyeyuka. Msimu uliopita askari wa wanyamapori alimnyang'anya wavu hapohapo, eti anamaliza samaki wenye mayai. Curtis alikuwa na kibali mfukoni. Alirusha ndoana, na papo hapo fimbo ikapinda.

"Huyo umemtoa wapi?" Mama Mkubwa aliuliza kwa lugha yao.

"Mgeni wa Dwight, Mama."

"Ugeni wake nauona. Nakuuliza wewe."

"Angetutoa kibandani."

Mama Mkubwa aliuinua wavu kutoka majini. Kisha akauliza, "Mtoto kifua kinaendeleaje?"

"Hakohoi tena."

"Haya. Afadhali." Akaanza kukunja wavu.

"Usiondoke, Mama. Sisi hatukai."

"Nibaki nivue nini, na kelele za injini hii?"

Curtis alimpungia mkono kwa furaha. "Anasemaje bibi?"

"Anasema karibuni," Verna akajibu.

Curtis alipomvuta jike kubwa hadi ubavuni mwa boti, Verna alimchomoa ndoana, akafungua vidole. Samaki akazama.

"Ameniponyoka," alisema.

"Usijali, wako tele." Curtis alibonyeza kile kidude chake cha ramani, alama nyekundu ikatokea kwenye kioo. "Nimeshapahifadhi. Sasa hata wenzangu watafika bila kukusumbua."

Verna alitazama mwambani. Moshi wa moto uliozimwa kwa maji ulikuwa bado unapanda, lakini Mama Mkubwa hakuwepo.

Gatini Dwight aliwapokea kwa vifijo. "Si nilijua unaweza! Kesho tunatoa boti zote. Zijaze mafuta kabisa kabla hujapumzika."

"Sawa, bosi."

Alichukua dumu, akainama kwenye boti ya kwanza, akafungua mfuniko wa tangi, akaanza kumimina.