Mwenyekiti Ajiuzulu Gatina

Mwaka wa tisini na nane, Nicanor Wakoli alikuwa ametimiza miaka minane akiongoza klabu ya wasikilizaji wa Radio Japani pale Gatina, Kawangware. Alikuwa fundi viatu. Jumamosi jioni wanachama walikutana kwenye kibanda chake, wakasikiliza matangazo ya Kiswahili kutoka Tokyo, kisha wakajadili. Zamani walijaa mpaka nje. Mwaka huo walibaki saba.

Jumatatu moja ya Julai, akiwa peke yake kazini, alisikia kwamba waziri mkuu wa Japani amejiuzulu. Chama chake kilikuwa kimepoteza viti vingi katika uchaguzi wa siku iliyotangulia, naye akasema lawama ni yake. Sasa chama kingechagua kiongozi mwingine, na watatu walikitaka kiti. Nicanor aliweka nyundo chini. Hakukumbuka kumsikia mkubwa yeyote wa hapa kwetu akisema hivyo.

Wiki nzima aliwafikiria walioacha klabu. Huyu yeye Nicanor alimkatiza akiongea, yule alimcheka mbele ya watu.

Jumamosi akatangaza kwamba anaacha uenyekiti, akangoja waseme. Khaemba, muuza mahindi mwenye maneno mengi, alimuuliza kama ni mgonjwa. Alipojibu kwamba hapana, Khaemba akasema basi yeye atasimama. Filister, mshonaji kutoka Kibera aliyekuwa akinakili barua zote za klabu kwenda Tokyo, akasema naye angependa kujaribu. Wakapanga kupiga kura wiki ijayo. Hakuna aliyemwomba Nicanor abaki.

Ijumaa chama cha Tokyo kikachagua. Kura zilipigwa na wabunge na wajumbe wa chama tu, jambo lililowakera wanachama walipolizungumzia kesho yake: mbona mwananchi hakuulizwa? Aliyeshinda alikuwa mtu mpole ambaye wengi huko Japani walimwona hana mvuto. Kisha wakapiga zao, karatasi zikatiwa kwenye kofia ya Khaemba, na Filister akazisoma. Filister nne. Khaemba mbili.

Karatasi ya mwisho aliitazama kidogo. "Nicanor, moja," akasema, akaikunja na kuitia mfukoni.

Walipotawanyika, Nicanor alimsindikiza Filister hadi barabarani.

"Mama Daisy, ile karatasi."

"Niliujua mwandiko wako, mzee. Ni mimi nimekuwa nikinakili barua zako."

Nicanor akasema, "Nilitaka mniombe nibaki."

"Nilijua."

"Na hamkuniomba."

Filister akamgeukia. "Hatungekuomba, nisikudanganye. Lakini tulipaswa kukushukuru, na hilo tulikosa kulifanya."

Nicanor alirudi akafunga kibanda. Yale maneno yalimuuma, lakini hakuyaona ya uongo.

Jumamosi iliyofuata alikaa kwenye benchi pamoja na wengine. Lenah, mama wa Kongo ambaye kwa miaka miwili alikuwa akisikiliza tu, aliuliza kama huyo kiongozi mpya wa Japani anawajua wanaofanya vibarua huko kwao. Alisema polepole, akitafuta maneno. Nicanor alikuwa na jibu, na mdomo ukafunguka. Akaufunga. Lenah akaendelea, na wote wakageuka kumsikiliza.