Kucha Kwenye Mbao ya Mlango

Seremala huyu hakuwa mtu wa kushindwa na mbao, ndiyo maana aibu hii ilimuuma. Mwaka jana alipaka vanishi nzito ya makabati, ya rangi ya kahawia, kwenye mbao za ndani ya gari la dada yake, akajisifu mtaa mzima. Gari likashinda juani madirisha yamefungwa, na vanishi ikapasukapasuka yote.

"Rudia, mdogo wangu," dada alisema, bila lawama.

Kurudia ndiko kulikokuwa na kazi. Mbao zenyewe ni ganda jembamba lililobandikwa juu ya bati. Zingestahimili msasa mara moja tu. Akikosea tena, basi. Na gari hilo ndilo lililomponya. Utotoni aliugua mfupa wa mguu, na dada akampeleka nalo hospitali kila wiki, miaka miwili mizima. Mguu ulibaki mfupi kidogo, lakini ulibaki.

Safari hii akaweka ujuaji kando. Alipaka vibao vitatu: kimoja vanishi ya makabati, cha pili ile ya kung'aa ya wapaka rangi za magari, cha tatu vanishi isiyo na rangi ya milango ya nje, inayovumilia jua na kunyumbuka pamoja na mbao. Akavipanga juu ya dashibodi. Dada akazunguka navyo wiki sita, akinung'unika kwamba gari limegeuka duka la samani.

Cha kwanza kilipasuka. Cha pili kikaanza kubanduka pembeni. Cha tatu kilitulia tuli, wala hakikuwa na habari na jua.

Siku ya kazi alipiga msasa kijasho chembamba kikimtoka. Kwenye mlango wa abiria yakajitokeza makwaruzo manne. Aliyajua: kucha zake mwenyewe, enzi zile maumivu yalipozidi. Vanishi hii isiyo na rangi haifichi kitu, kwa hiyo akachanganya unga wa mbao na gundi ili ayazibe.

"Unafanya nini hapo?" dada akauliza nyuma yake.

"Naficha haya. Nilikuharibia mbao, dada."

"Hebu weka chini hiyo gundi. Mimi nilikuwa naendesha, siwezi kugeuka kukutazama. Ukikwaruza, najua bado uko nami. Ukinyamaza, nakanyaga mafuta."

Machozi yalimlenga seremala. Alikwisha kumshukuru dada kwa safari na kwa subira. Lakini kwa masikio yake yaliyomsikiliza, hakuwahi.

"Ahsante, dada. Ahsante kwa kunisikiliza."

"Paka bwana, vumbi litaingia," dada alijibu, akijifuta kwa leso.

Alipaka vanishi mikono mitano, yaani tabaka tano nyembamba, kila mkono akiusubiri ukauke kabisa.

Siku gari lilipokuwa tayari, seremala alikaa kiti cha abiria. Alijaribu kuweka vidole juu ya makwaruzo. Vilikuwa vinene mno. Dada akaondoa gari, macho barabarani. Seremala akakwaruza mbao kwa ukucha, kwa nguvu. Vanishi haikushika hata alama.

"Nimekusikia," dada alisema.